Kabla ya Kufuta, Aga

Kabla hajaigusa simu ya mtu, Opereta alikuwa na swali moja, na swali hilo liliwaudhi wateja kuliko foleni: "Umeshaaga?"

Mtu ametoka zake Bunda au Butiama, vumbi mpaka kwenye kope, ana simu ya kupangusa iliyopasuka kioo, anataka iwekewe programu mpya aweze tena kutumiana ujumbe na wenzake. Anakaa kwenye benchi. Badala ya kupokelewa simu, anaulizwa kama ameaga. Wengi walinigeukia mimi jirani kuona kama nitacheka, na mimi nilikuwa nimeshachoka kucheka siku nyingi.

Mfugaji mmoja wa Butiama, mzee wa koti zito hata jua likiwa kali, alimjibu, "Mama, mimi sisafiri. Nimeleta simu."

"Wewe husafiri, simu ndiyo inasafiri," akasema Opereta. "Na huko inakoenda inaweza isirudi. Wapigie watu wako uwaambie."

Mzee akampigia mdogo wake, wakaongea habari za ng'ombe aliyevunjika mguu. Kisha akataka kumpigia mkewe, akasita. Namba ya mkewe hakuwa nayo kichwani. Kwenye simu alikuwa amemwandika "Nyumbani", basi, na miaka yote alikuwa akigusa hiyo "Nyumbani" bila kujua nyuma yake kuna tarakimu gani. Opereta akamsogezea kipande cha boksi na kalamu.

"Ndiyo maana nauliza," akamwambia. "Mnaoanaga, mnazaaga, mnazeekaga pamoja, namba ya mwenzako huijui. Andika."

Hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya kuaga. Kazi yake ilianza kwa kuifuta simu yote, picha, majina, sauti, kila kitu, na hakuna mtu anayekumbuka kila alichonacho kwenye simu mpaka aambiwe kinaondoka. Mafundi wenzake mjini walikuwa wanauliza tu, "Umehamisha vitu vyako?" na kila mteja alijibu ndiyo, halafu kesho yake anarudi analia. Opereta alisema mtu akiulizwa habari za vitu hudanganya, lakini ukimwambia aage watu atakumbuka.

Mimi nilikuwa chumba cha pili, hapo Musoma mjini, nauza dagaa na furu wakavu. Tulikaa ukuta mmoja miaka mingi kiasi kwamba wateja wake walinuka dagaa na dagaa wangu walinuka moshi wa risasi ya kuchomelea. Tuligombana kuhusu fagio, kuhusu maji ya kudeki, kuhusu redio yangu. Aliniita mdogo wangu, nami nilimwita dada, ingawa mtaa mzima ulimwita Opereta na nadhani wengine hawakuwahi kujua kama ana jina jingine.

Jina hilo lilitoka kwenye kazi yake ya zamani. Zamani hizo za waya, ukitaka kuongea na mtu wa Mwanza ulikuwa unaomba kwanza, na kulikuwa na mwanamke amekaa mbele ya ubao wenye matundu, anachomeka waya hapa, anachomoa pale, anakuunganisha. Mwanamke huyo alikuwa yeye. Ubao uliondoka, wenzake wakaenda kulima, yeye akabaki na simu. Akafungua kibanda cha kupigia simu, vibanda vikafa. Akachaji simu za watu, umeme ukawafikia hao watu majumbani. Akajifunza kuchomelea, halafu akajifunza haya ya programu, akiwa na kamusi ya Kiingereza iliyokatika jalada. Ukimuuliza kwa nini hakupumzika alisema hajawahi kuambiwa ni wapi watu wanapumzikia.

Sauti ya ubaoni haikumtoka. Alikuwa anaweza kukufokea kwa Kiswahili cha sokoni, lakini akishika simu tu anageuka mtu mwingine, sauti inanyooka, kila neno linasimama peke yake. "Subiri tafadhali, usikate." Alikuwa na majivuno mamoja, na aliyarudia mpaka yakawa kero: katika maisha yake yote ya ubaoni hakuwahi kumuunganisha mtu na namba isiyo yake. Akipigiwa na mtu aliyekosea, hakumwachia aombe radhi na kukata kama sisi wengine. Alimpa somo. "Namba haikosewi," alimwambia. "Ulipopewa hukusikiliza." Namba za watu alikuwa nazo kichwani, za walio hai na za marehemu, na alikuwa akizitaja mbilimbili, kwa mapigo, kama anayehesabu mayai.

Simu alizigawa makundi mawili tu, zenye wazazi na yatima. Yenye wazazi ni ile ambayo kiwanda chake bado kinaikumbuka na kuitumia marekebisho. Hiyo hakuigusa hata umpigie magoti. Vijana walikuja na simu mpya wakitaka iwekewe mapambo, akawafukuza: "Hii bado ina baba na mama. Nikiiharibu nitawaambiaje?" Yatima ni ile iliyoachwa. Bado inawaka, inapiga, ina nguvu zake, lakini kiwanda kimeshaisahau, na siku moja ile programu ya kijani ya kutumiana ujumbe inamwambia mwenyewe kwamba simu hii imezeeka mno, haitafanya kazi tena humu. Huko duniani kuna watu, sijui wanalala saa ngapi, wanaoandika programu mpya kwa ajili ya simu za namna hiyo na kuzigawa bure. Opereta alikuwa anazitafuta, anazishusha kwenye kompyuta yake, anaitoa simu programu ya kiwandani na kuiwekea hiyo ya watu. Ikienda vizuri, yatima anaamka kijana. Ikienda vibaya unabaki na tofali, na tofali hilo halijengi.

Kwa hiyo alikuwa mwoga, na sijaona mwoga anayejivunia woga wake kama yeye. Waya wake wa kuunganishia simu na kompyuta hakuna aliyeruhusiwa kuushika. Aliwahi kuniazima sufuria, mkaa, hata gauni la msibani, lakini huo waya, nilipouomba nichajie simu, aliniangalia kama nimemwomba jino. Mawingu ya ziwani yakianza kujikusanya alifunga kazi, maana simu ikizimika katikati ya kubadilishwa programu ndiyo imekwenda. Chaji lazima ivuke nusu. Na kabla hajaitoa programu ya zamani alihakikisha anayo nakala yake kompyutani, ili mpya ikikataa airudishe ile ile. "Usibomoe nyumba kabla hujajua utalala wapi," alisema, na ajuaye nyumba yake yeye ilivyokuwa inavuja alikuwa na haki ya kutabasamu.

Aliwaambia watu ukweli wote mapema, hata ule unaofukuza wateja. Kwamba kamera inaweza kufifia. Kwamba programu za benki huenda zikaikataa simu, itabidi mtu atume pesa kwa kubonyeza namba kama zamani. Na simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine hakuifungua, hata mletaji aape kwa mama yake. Mlango uliofungwa na mwenyewe, alisema, mwenyewe ndiye anayeufungua.

Nilimwona akishindwa mara moja tu, Bunda. Siku za mnada alikuwa anakwenda huko na kompyuta yake ndani ya mkoba wa kitenge, na siku hiyo nilikuwa naye kwa ajili ya dagaa zangu. Katekista mmoja alileta simu. Opereta alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, akageuza simu akasoma jina la mgongoni, akaliamini. Sasa mafundi wetu huku, simu ikivunjika mfuniko, huivalisha mfuniko wa simu nyingine unaokaribiana, mradi unakaa. Jina la nje lilikuwa la simu moja, mashine ya ndani ilikuwa ya nyingine. Akaiwekea programu ya lile jina la nje, na kioo kikawa cheusi, na kikabaki cheusi. Alihangaika nayo mpaka watu wakaanza kukunja maturubai. Mwisho akatoa simu yake ya vitufe, akatoa laini yake, akamkabidhi katekista simu.

"Chukua hii, mtumishi. Yako nimeiua."

Katekista akasema, "Mama, hukukusudia."

"Hata aliyegonga mbuzi hakukusudia," akasema, "ila mbuzi haamki."

Tangu hapo akawa na msemo mpya, usiulize nguo, muulize mtu, na kila simu aliihoji yenyewe, ndani, kwenye mipangilio, kisha akaizima na kuihoji tena kwenye ule ukurasa wa mafundi, kabla hajakubali kwamba ni ile anayoambiwa kuwa ni yenyewe.

Kuaga kulikuwa na sehemu ya pili. Simu ikishaamka na programu yake mpya, mwenyewe lazima ampigie yule yule aliyemuaga, amwambie amerudi. Hilo ndilo lilikuwa jaribio la mwisho. Alisema mtu akiaga asiporudi kusema amerudi, anawaachia wenzake kiporo cha wasiwasi. Mwanamke mmoja wa Nyegina alikataa katakata. Alisema hana wa kumuaga, wenziwe wote wako naye nyumbani.

"Kila mtu ana mtu," Opereta akamwambia.

"Nina dada yangu, lakini hatusemeshani. Mambo ya kiwanja."

"Huyo huyo."

Walibishana mpaka nikaacha kupima dagaa. Mwisho yule mama akapiga, akasema kwa hasira kwamba anazima simu. Tulimsikia dada yake sote, maana simu ilikuwa mbovu ya sauti: "Kwani mara ya mwisho ulinipigia mwaka gani, hata nijue kama huwa imewashwa?" Alipopiga mara ya pili kusema amerudi, waliongea mpaka Opereta akaanza kupiga miayo. Sisemi walipatana. Nasema waliongea.

Sasa niseme lile lililonikera. Mtu huyu, aliyewalazimisha wafugaji na masista na wanafunzi kupiga simu, alikuwa na simu yake ya kupangusa ndani ya kopo la biskuti, chini ya meza, yatima kuliko zote. Alipewa na mwanawe. Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, aliyekwenda Geita kutafuta maisha migodini, na akiwa huko akamtumia mama yake hiyo simu ili wawe wanaonana uso kwa uso kwenye ile ya kijani. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anaiegemeza kwenye kopo, anakaa mbele yake na kitambaa kipya kichwani. Kijana alikuwa anapiga. Baadaye akawa anapiga Jumapili na kuruka Jumapili. Baadaye zikawa sikukuu. Halafu ile ya kijani ikasema simu imezeeka, na Opereta akaifungia ndani ya kopo.

Nilimwambia, "Dada, si uiwekee programu? Kazi ya mchana mmoja kwako."

"Nitaiweka."

"Au mpigie basi kawaida. Namba si unayo?"

"Aliyeondoka ndiye anayepigaga," akasema. "Mimi sijaondoka. Niko hapa hapa aliponiacha."

Ni kweli huku kwetu ndivyo ilivyo, msafiri ndiye anayejulisha nyumbani kama amefika. Lakini mtu hasafiri miaka. Watu wakimuuliza habari za kijana alisema anatuma ujumbe, ila simu ndiyo haipokei. Mtaani walisema mganga hajigangi, wakacheka, wakaendelea na safari zao. Mimi nilichoka. Nilikuwa namwona anafufua simu za watu wasio hata na adabu ya kushukuru, na lile kopo liko pale, na nilitamani kulitupa ziwani.

Kisha macho yakaanza. Kwanza aliniita nimsomee maandishi madogo. Halafu akaanza kushika vitu kwa kupapasa. Hospitali walimwambia amechelewa, jicho moja halirudi na la pili watalitazama. Akafunga chumba. Ndugu zake wa Butiama wakaja kumchukua, na siku anaondoka alinipa fagio tulilogombania. Chumbani mwake sasa anauza mtu mitumba.

Nilikwenda kumwona Butiama mwaka huu, baada ya mavuno. Nilimkuta jikoni kwa mdogo wake wa kike, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anamenya mihogo kwa kisu bila kuiangalia. Nilimletea dagaa. Akaunusa mfuko akasema hawakukauka vizuri, nikajua bado ni yeye.

Tulizungumza habari za mjini, nani amefilisika, nani ameolewa. Halafu akapapasa chini ya kiti, akatoa lile kopo la biskuti, akaniwekea mapajani.

"Kompyuta iko chumbani," akasema. "Waya umo humo kwenye kopo. Leo utakuwa mikono yangu."

Waya! Nilidhani sikusikia vizuri. "Kwa nini leo, dada?"

"Nimechoka kuisingizia simu."

Nilileta kompyuta. Ndani yake nilikuta programu ya simu hiyo imeshashushwa, siyo moja, kila toleo lilipotoka alikuwa amelishusha na kuliweka, mpaka lile la mwisho kabla ya macho kuharibika. Miaka yote hiyo alikuwa tayari. Nilimwambia lililoko. Akasema tumia la mwisho, na uiulize simu kwanza. Nikaiuliza kwenye mipangilio, nikaizima, nikabonyeza vitufe viwili kama alivyoniambia, nikaiuliza tena. Ilikuwa yenyewe. Chaji ilivuka nusu. Mbingu ilikuwa safi. Nakala ya zamani ilikuwepo.

Kioo kikaleta onyo: ukiendelea, kila kitu kitafutwa. Nikamsomea. Neno lililofuata lilikuwa lake siku zote.

"Dada," nikasema, "umeshaaga?"

Aliweka kisu chini. Akapangusa mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Irudishe iwake," akasema.

Ikawaka. Akanitajia namba kutoka kichwani, mbilimbili, kwa yale mapigo, nami nikabonyeza, nikaweka sauti ya wazi na kumpa. Iliita. Nilimwona akijinyoosha kitini na kuvuta kitambaa chake mbele. Iliita sana. Kisha ikapokewa, na nyuma kulikuwa na mtoto analia na mtu anatwanga.

"Halo?" Sauti ya mwanamke, ya kijana.

Opereta akavuta pumzi. Ile sauti ya ubaoni ikatoka, imenyooka kama zamani, akaomba kuzungumza na mwanawe, akamtaja jina.

"Hayupo huyo, mama. Hii namba ni ya kwangu, siku nyingi sasa. Watu wanapigaga wanamuulizia, ila mimi simjui, nilinunua laini tu."

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Mimi nilitaka kuichukua simu niongee, niulize wapi, niulize nani mwingine anapiga, lakini Opereta aliinua mkono kunizuia.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Nimekosea namba."

Alikuwa karibu kukata, kisha akakumbuka utaratibu wake. "Ila kwa kuwa umepokea wewe, nakuaga. Nazima simu kidogo, naibadilisha programu."

"Haya, mama," yule binti akasema, kwa mashaka. "Kazi njema."

Opereta akanipa simu. "Futa," akasema.

Nikafuta. Nikatoa laini, nikaweka programu mpya kama alivyonielekeza, nikasubiri pale pa kusubiri, sikugusa pale pa kutogusa. Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua muda, alama ya duara inazunguka tu mpaka unaamini umeua. Tulimaliza mihogo yote inazunguka. Nilikuwa nimechoka mgongo, nimechoka na kijana nisiyemwona, na nilimchukia waziwazi, ningeweza kumpiga kofi. Opereta hakusema neno baya juu yake. Aliuliza mara mbili tu kama bado inazunguka.

Ikaamka. Tukarudisha laini, nikaweka ile ya kijani, ikakubali bila ubishi. Nikaifungua.

"Kuna nini?"

"Hamna kitu, dada. Peupe."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. "Basi simu ni nzima," akasema. "Bado jaribio."

Nilidhani ataniambia nimpigie mdogo wake pale mlangoni. Akaitaja namba ile ile, mbilimbili. Nikabonyeza. Safari hii ilipokewa upesi, mtoto bado analia nyuma.

"Mwanangu, ni mimi niliyekuaga, huku Butiama. Nimerudi."

Yule binti alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu ambaye siku yake ilikuwa ndefu na amepata cha kumfurahisha. "Karibu tena, mama. Imekubali?"

"Imekubali."

"Ngoja basi nikusevu, ili ukipiga tena nikujue. Na huyo kaka akitafutwa tena nitawapa wanaomtafuta namba yako. Nikusevu nani?"

Opereta alifungua mdomo. Nilingoja aseme Opereta, kama dunia nzima ilivyomjua.

"Andika Mama."

"Mama ninaye tayari, huyo ni wangu." Kule ng'ambo mtoto aliacha kulia. "Nitaandika Mama wa Butiama."

"Wa Musoma," akasema. "Andika wa Musoma. Ndiko alikoniacha."